Njia Nyembamba, Nyika Pana

Wasomaji wetu wa Mombasa wanaujua uwanja wa gofu hata kama hawajapata kuingia ndani yake. Jioni ya Idi, familia zinapoteremka Laitihausi kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu na kuteremshia madafu, upande mmoja huwa ni mlango wa bandari ya Kilindini, na upande wa pili ni nyasi za Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwaka 1911. Watoto husimama wakawatazama watu wazima wanaozunguka katika majani wameinamisha vichwa, kisha huuliza wanatafuta nini. Nami nilikuwa nikiwajibu kuwa wanatafuta mpira, nikidhani nimefanya mzaha. Kumbe lilikuwa jibu la kweli, na nililijua hivyo mwezi uliopita, nikiwa mbali na bahari, katika nyika ya Kitui ya kusini.

Utaniuliza, ewe msomaji, sheikh na gofu wapi na wapi? Sijapata kushika gongo la mchezo huo, na umri huu haunishawishi kuanza. Lakini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, amepata riziki yake kwa nyasi hizo miaka kumi na miwili, akikata, akimwagilia na kutia mbolea katika uwanja mmoja wa pwani, mpaka mkataba wake ulipokwisha mwezi wa Shaaban. Ana watoto watatu, na karo haingoji. Akapata kuitwa na bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara, baina ya Ikutha na Mutomo, ambaye ana ekari kadhaa za nyika na anataka kuzifanya uwanja mdogo wa mashimo sita. Kwa kuwa nami nilikuwa nimealikwa nikaha mjini Kitui siku ya Jumamosi, tukaafikiana tufuatane. "Mjomba," aliniambia, "ukiwapo wewe hatanipunja." Alicheka aliposema hayo, lakini niliona kuwa hakulala vizuri.

Tuliswali alfajiri tukashika njia. Mariakani, Maungu, Voi, kisha ule mwendo mrefu wa mbuga hata Mtito Andei, ambapo mtu huingia Makueni. Mibuyu ilikuwa imesimama bila majani kama wazee waliosahaulika barazani. Kibwezi tulinunua asali, tukaiacha barabara kuu ya Nairobi na kupinda kulia kuelekea Kitui kwa lami ambayo zamani ilikuwa vumbi tupu. Ukishavuka Mto Athi, unapanda mgongo wa Yatta, ambao ni lava iliyomiminika na kuganda ikawa ukuta mrefu wa takriban kilomita 300. Juu yake upepo ni mwingine na ukimya ni mwingine. Tulisimama kidogo kunyoosha miguu.

Mpwa wangu ni mtu wa maneno machache isipokuwa anapotajiwa nyasi. Nilimwomba anieleze mchezo wenyewe, akanieleza tangu Yatta hata Ikutha. Kila shimo lina mahali pa kuanzia, na mbali huko, pengine mita 300 au 400, pana kipande cha nyasi laini kama zulia, kiitwacho grini, ambamo mna tundu la upana wa milimita 108. Baina ya mwanzo na grini hukatwa njia ya nyasi fupi. Mpira ukiangukia njiani hukaa vizuri na kupigika. Pembeni, nyasi huachwa zikarefuka, na huko huitwa rafu. Vijana wetu wa kandanda wanalijua neno rafu kwa maana ya mchezo mchafu. Katika gofu rafu ni mahali, na uchafu ni wa ardhi. Mpira ukizama humo, kanuni inampa mwenyewe dakika 3 za kuutafuta. Kabla ya mwaka 2019 zilikuwa 5. Asipouona, huongezewa pigo moja na hurudishwa alikopigia mwanzo, akaanza upya huku wenziwe wamesimama wakimngoja.

"Kwa hiyo, mjomba, swali zima la mwenye kubuni uwanja ni hili: njia iwe pana kiasi gani, na anayetoka nje apate adhabu gani?"

Nilimwambia kuwa swali hilo nimeishi nalo miaka thelathini katika chuo changu, bila nyasi.

Akaniambia kuwa watu wa gofu wamegawanyika. Uwanja wa zamani kuliko yote, ule wa St Andrews huko Scotland, haukubuniwa na mtu yeyote. Kondoo na sungura ndio waliozila nyasi zikawa fupi, na watu wakacheza pale palipochezeka. Shimo la kwanza na la mwisho yana njia moja ya pamoja, yenye upana unaopita mita 100. Mtu akipiga vibaya hukosa nadra kuuona mpira wake. Adhabu yake ni kwamba sasa yuko upande ambao grini haimkabili vizuri, hivyo pigo linalofuata ni gumu zaidi. Amekosea, naye atalipa, lakini bado yumo mchezoni na bado ana shauri la kufanya.

Wengine wakaona huo ni ulegevu. Huko Marekani, katika mashindano yao makubwa ya Open, imekuwa ada kuzibana njia zikawa hatua 30 au pungufu, na kuziacha nyasi za pembeni zikamfika mtu juu ya vifundo vya miguu. Mwaka 1974, katika uwanja wa Winged Foot karibu na New York, mabingwa wa dunia walikongolewa hata aliyeshinda, Hale Irwin, alimaliza akiwa na mapigo 7 zaidi ya idadi iliyowekwa. Huko Carnoustie, Scotland, mwaka 1999 njia zilikuwa nyembamba na rafu imenyeshewa ikastawi; Paul Lawrie akashinda kwa mapigo 6 zaidi. Wako waliofurahi kuona wakubwa wanaadhirika. Nafsi ya binadamu ina mambo yake.

Lakini alikuwapo tabibu mmoja Mwingereza, Alister MacKenzie, aliyeacha utabibu akawa mbunifu wa viwanja, naye katika kitabu alichokitoa mwaka 1920 aliweka miongoni mwa kanuni zake kwamba uwanja mzuri ni ule usiomchosha mtu kwa kutafuta mipira iliyopotea. Uwanja wa Augusta, alioubuni pamoja na Bobby Jones na kufunguliwa mwaka 1933, mwanzoni ulikuwa karibu hauna rafu kabisa. Mpwa wangu alizitaja habari za tabibu huyu kwa mapenzi, kama mwanafunzi anayemtaja mwalimu wa mwalimu wake.

Nilimuuliza: je, rafu nzito haiwi sawa kwa wote? Majani hayamjui tajiri wala maskini.

"Ndivyo wanavyosema," alinijibu. "Lakini mwanamume wa miaka ishirini na mitano mwenye mikono kama ya mchukuzi akizamisha mpira katika majani, huyafyeka na mpira ukatoka. Mama wa miaka hamsini hautoi. Mzee hautoi. Mtoto anayejifunza hautoi, na siku ya tatu harudi tena. Majani ni yale yale, mjomba, adhabu si ile ile."

Nilinyamaza kwa kilomita kadhaa. Katika chuo nimewaona watoto waliokosea herufi moja wakapata fimbo ya waliotoroka siku nzima, na fimbo nyingine ilikuwa mkononi mwangu. Mtoto wa namna hiyo hajifunzi herufi; hujifunza kukaa nyuma ya mwenzake mwenye kiwiliwili kikubwa. Mpwa wangu, kama aliyeyasikia mawazo yangu, akasema kuwa hata watu wa Winged Foot walilifikiri jambo hili. Open iliporudi hapo mwaka 2006, nyasi za pembeni zilikatwa kwa daraja: zilizo karibu na njia zikawa fupi kidogo, na kila mtu akitanga mbali ndipo alipozikuta ndefu. Nikamwambia hao wamekaribia fiqhi.

Nje ya dirisha, nyika ilikuwa rafu ya kweli. Kuna mti uitwao kikwata, wenye vimwiba vilivyopinda kama ndoana. Ukiingia unakuachia, ukitoka unakushika. Kuna miti ya jamaa ya manemane, inayokauka hata ukadhani imekufa, kisha mvua ya Novemba ikaifufua kwa wiki moja. Wazee wetu waliokwenda bara na misafara walipita nchi ya namna hii mtu nyuma ya mtu. Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai, aliipita nyika mwaka 1849 kwenda kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba wa Kitui, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya kutoka huko. Njia yao ilikuwa na upana wa mabega, na aliyetoka nje alirudi bila kanzu.

Mwenyeji wetu tulimkuta chini ya mkwaju, ametandika meza yenye chai na maembe ya Makueni. Ni Mkamba wa makamo, mchangamfu, mwenye heshima. Alinivulia kofia na kuniita Sheikh katika kila sentensi. Kisha akatoa simu yake na kutuonyesha picha za mashindano ya ng'ambo: uchochoro wa kijani na majani marefu kila upande. "Nataka kama hii," alisema. "Hatua ishirini, basi. Pembeni niache msitu wangu na miiba yake. Watu watoke Nairobi waje walie hapa. Wakishalia watasimulia, na wakisimulia watakuja wengine."

Mpwa wangu akaanza kueleza, kwa adabu, yale aliyonieleza mimi. Mwenyeji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo hatukulitarajia: "Kijana, maji nitatoa wapi?"

Hapo mpwa wangu alikosa jibu. Kisima cha bwana yule kina chumvi, kama visima vingi vya upande huo, na hakitoi kingi. Njia pana ya nyasi za kijani ni maji mengi kila usiku. Katika jimbo la Arizona huko Marekani, ambako ni jangwa, viwanja vipya viliwekewa kikomo cha ekari 90 za nyasi za kumwagiliwa, na ndiyo maana huko njia ni nyembamba na pembeni ni mawe na mikakati. Mwenyeji hakuzijua habari za Arizona, lakini alikuwa amefikia pale pale kwa kuhesabu madumu yake. Nakiri kuwa nilikuwa nimekwisha kumhukumu moyoni kwa ile kauli ya kutaka watu walie, na nikaona haya. Upana ni rehema, sawa, lakini rehema hiyo ilikuwa inyweshwe kwa maji ya nani?

Tukatoka kuizunguka ardhi. Mpwa wangu alikwenda mbele akihesabu hatua, amebeba mafungu ya vijiti. Tulipofika mteremko wa pili tukakuta njia ya miguu, imechimbika kwa kukanyagwa miaka mingi, inakatiza katikati ya mahali palipotakiwa pawe shimo la tatu na la nne. Juu yake alikuwa anapanda mama mtu mzima na punda wawili, kila punda na madumu manne ya manjano. Alikuwa anatoka mtoni. Mito mingi ya huku haina maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu unaong'aa, na maji yamo chini yake. Wenyeji hujenga kuta za zege kukatiza mto ili mchanga ukusanyike na uyahifadhi maji ya masika, kisha wanawake huchimba na kuteka. Kitui na Makueni zina kuta nyingi za namna hiyo.

"Shikamoo, mama," alisema mpwa wangu.

"Marahaba, mwanangu." Alivitazama vile vijiti. "Hapa mtafunga?"

Mwenyeji alimjibu haraka: "Hapana, mama. Njia yako itabaki."

"Itabaki wapi?"

Hakuna aliyemjibu mara moja. Ikiwa njia ya mchezo ni hatua ishirini na pembeni ni miiba isiyopitika, basi pa kupita ni hapo hapo kwenye nyasi, mbele ya mipira, na mpira wa gofu ukimpata mtu kichwani huweza kumuua. Vinginevyo azunguke nje ya ua, na mzunguko huo, kwa makadirio ya mpwa wangu, ni nusu saa zaidi, kwenda na kurudi, kila siku. Mimi niliyezaliwa karibu na mfereji sikuwahi kuihesabu nusu saa kwa madumu.

Ndipo mpwa wangu alipokaa chini mchangani, akavunja kijiti na kuanza kuchora, na nikamwona yule kijana niliyemfundisha alifu kwa kijiti vile vile. Alisema wacha nyasi za kumwagiliwa ziwe nyembamba, hata hatua kumi na tano, pale tu mpira unapotarajiwa kuangukia. Lakini pembeni pasiwe rafu. Pafyekwe, kikwata kiondolewe, miti mikubwa iachwe mmoja mmoja, na ardhi iachwe tupu na majani yake ya asili, mbuzi wayale kama kondoo walivyoyala ya St Andrews. Mpira ukitoka nyasini utaonekana. Utakuwa juu ya udongo mgumu, utapigika kwa taabu, lakini utapigika, hata na mama wa miaka hamsini. Maji ni yale yale machache, na njia ya mchezo ni pana mara nne. Na njia ya punda ikatize papo hapo, wazi, ambapo mchezaji anamwona mpitaji kutoka mbali na kumngoja. Akamwambia mwenyeji kuwa huko St Andrews, kwenye uwanja unaoheshimiwa kuliko vyote duniani, barabara ya watu inakatiza njia ya shimo la kwanza na la mwisho hadi leo, na siku ya Jumapili hapachezwi, watu wa mji hutembea humo na watoto wao.

Mwenyeji alisema hajapata kusikia. Niliona limemwingia, kwani yeye anapenda heshima, na hii nayo ilikuwa heshima.

Likabaki suala la grini. Nyasi laini hazitakubali chumvi ile isipokuwa kwa gharama. Katika nchi kavu watu hutumia mchanga uliochanganywa na mafuta, na huziita brauni kwa rangi yake. Wanaocheza Magadi, kule kwenye ziwa la magadi, wanazijua. "Mchanga upo," alisema mwenyeji, na akaelekeza mkono mtoni.

Yule mama, ambaye hakuwa ameondoka, alicheka kicheko kisichokuwa cha furaha. Mchanga ndio kisima chao. Ukizoa mchanga umezoa maji. Makueni wameliona hilo hata kaunti ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya malori kuikausha mito. Mpwa wangu akasema mafuta nayo yatashuka na mvua hadi mtoni. Akapendekeza udongo wa kichuguu, upondwe, ulowanishwe kidogo na kushindiliwa, kama wanavyotengeneza viwanja vya tenisi mahali pasipo na zege. Vichuguu vilikuwa kila upande, vyekundu, virefu kuliko mimi.

Mwenyeji alikunja mikono. Alisema atafikiri. Alisema pia, bila ukali, kuwa fundi mwingine kutoka Nairobi amemwambia kuwa kazi nzima itakwisha kwa miezi miwili bila maswali. Alimlipa mpwa wangu nauli na siku moja, akatufungia maembe. Mama na punda wake walikuwa wamekwisha kuwa nukta upande wa juu.

Kutoka hapo hadi Kitui mpwa wangu hakusema neno. Nikamwuliza kama anajuta. "Ningemkubalia hatua zake ishirini, mjomba, leo ningekuwa na kazi," alisema. Kisha baada ya Mutomo: "Lakini ningekuwa mimi ninayekata yale majani, na mimi ninayemwona yule mama akizunguka."

Nikaha ilikuwa nzuri, na wenyeji wetu wa Kitui ni watu wa ukarimu. Wakatupeleka hata kuliona jiwe la Nzambani, ambalo wazee wa huku husimulia kuwa anayelizunguka mara saba hugeuka mwanamume akawa mwanamke, na mwanamke akawa mwanamume. Sikuzunguka hata mara moja. Wanawake waliokuwa nasi walicheka wakasema afadhali wanaume wangezunguka, wakateke maji wiki moja tu, kisha warudi kama walivyokuwa.

Jumapili tulirejea kwa njia ile ile. Karibu na nyumba ya wageni mpwa wangu alipunguza mwendo, kisha akasimamisha gari kabisa. Mwenyeji hakuwapo, palikuwa na vijana wawili wenye mapanga na rundo la kikwata lililokwisha kufyekwa. Tulishuka. Vijiti vya mpwa wangu katika shimo la kwanza na la pili vilikuwa vimeng'olewa na kusogezwa ndani. Akapima kwa miguu, akapata hatua ishirini na mbili. Katika la tatu na la nne, kwenye njia ya punda, havikuguswa, na miiba ilikuwa imesafishwa pande zote mbili hadi nje ya njia ile. Kando ya mti palikuwa na kichuguu kilichobomolewa na maji yamemwagiwa, kama mtu aliyekuwa akijaribu.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akavichomoa vijiti viwili vya shimo la kwanza, akasimama navyo mkononi akitazama upana wa mahali, akavirudisha vilipokuwa. Tulipofika Athi simu yake ikalia.